AirSense 10 AutoSet kwa mtu anayeanza mazoezi: uzuri wake, kero zake, na namba inayowapoteza wengi

Mashine ya AirSense 10 AutoSet ya kampuni ya ResMed ilitoka mwaka 2014, na AirSense 11 ikaifuata mwaka 2021. Pamoja na umri wake, hiyo ya 10 bado imo vyumbani mwa watu wengi na bado inauzwa, mpya kwa iliyotumika. Hapa tunaitazama kwa jicho la mtu mmoja tu: amepimwa, akaambiwa ana apnea ya usingizi, yaani koo linaziba akiwa amelala na pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha. Daktari amemwandikia mashine ya CPAP, yaani inayosukuma hewa kooni ili lisizibe, na papo hapo kamwambia aanze mazoezi. Je, mashine hii inamsaidia kuanza na kuendelea? Inamsaidia sana, kwa masharti mawili: barakoa imkae sawasawa usoni, na asiisome vibaya namba ya AHI, yaani idadi ya mara pumzi inapokatika au kupungua kwa saa, inayotokea kwenye kioo kila asubuhi.

Kwanza tuweke sawa mpangilio wa mambo. Watu wengi huanza na raba, mashine ikaja baadaye, kisha wiki ya pili wanaacha na kujiita wavivu. Si uvivu. Kila pumzi inapokatika, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unaushtua mwili, moyo unakwenda mbio na presha inaruka. Mtu mwenye AHI ya 30 anapitia hali hiyo mara 30 kila saa. Anaamka na kichwa kizito, mdomo mkavu na miguu isiyo na nguvu, halafu anataka akimbie kilomita tatu kabla ya kwenda kazini. Mwili unakataa kwa sababu haujapumzika. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza kazi kubwa ni usiku: kuvaa barakoa angalau saa 4, kisha kupanda taratibu hadi usiku mzima. Mazoezi katika wiki hizo yawe kutembea dakika 10 tu kwa siku, mahali tambarare. Mwenye presha ya damu inayofika 180 kwa 110 akiwa ametulia, mwenye maumivu ya kifua, au anayesinzia akiwa kwenye usukani, aonane na daktari kabla ya kuongeza chochote.

Sasa mashine yenyewe. Ikiwa na tangi lake la maji ina uzito wa kilo moja na robo hivi, na inakaa vizuri kwenye stuli ya kando ya kitanda. Iweke chini kidogo ya usawa wa kichwa, ili maji yakimwagika, au mvuke ukigeuka maji ndani ya mpira wa hewa, yasikurudie usoni. Inatoa presha ya hewa kati ya 4 na 20, kipimo chake kikiwa sentimita za maji, na toleo la AutoSet hujipangia lenyewe ndani ya mipaka aliyoweka daktari. Koo likianza kusinyaa au kukoroma kukianza, presha inapanda. Mambo yakitulia, inashuka polepole. Kwa anayeanza mazoezi hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua AutoSet badala ya mashine ya presha moja isiyobadilika. Mwili wake utakuwa ukibadilika mwezi hadi mwezi, na presha iliyomfaa akiwa na kilo 108 inaweza kuwa nyingi mno akifika 97. Mashine ya presha moja itaendelea kumpulizia ileile hadi mtu aibadilishe. AutoSet itashuka nayo.

Sauti yake ni ndogo. Kelele zinazolalamikiwa mara nyingi hazitoki kwenye mota, zinatoka kwenye barakoa inayovuja. Kuna pia kipengele cha kuanza na presha ndogo inayopanda taratibu kwa dakika 5 hadi 45, na kingine kiitwacho EPR, chenye ngazi 1 hadi 3, kinachopunguza presha unapotoa pumzi. Hiki cha pili kina maana kwa mtu wa mazoezi ya alfajiri. Wapo wanaomeza hewa usiku na kuamka tumbo limejaa na kububujika, na hakuna anayeweza kukimbia wala kuinama akiwa katika hali hiyo. EPR ya 2 au 3, pamoja na kulala ubavu, huwatosha wengi. Isipotosha, mtoa huduma aangalie kikomo cha juu cha presha. Usijiingize mwenyewe kwenye menyu ya kitabibu ukashusha kikomo kwa kubahatisha, kwa sababu tumbo linaweza kupona huku koo likirudi kuziba.

Barakoa ndiyo sehemu inayoamua kama mashine itatumika au itawekwa juu ya kabati. Kampuni hiyohiyo ina aina tatu zinazofahamika zaidi. AirFit P10 ina vijimpira viwili vinavyokaa kwenye tundu za pua na kamba nyembamba tu nyuma ya kichwa; ni nyepesi mno na inamfaa anayelala ubavu na anayehisi kubanwa. AirFit N20 inafunika pua. AirFit F20 inafunika pua na mdomo, na ndiyo ya anayepumulia mdomo. N20 na F20 zina sumaku kwenye vishikizo vya kamba. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma mwilini kinachoathiriwa na sumaku, asizitumie. ResMed yenyewe ilitoa onyo mwaka 2023 kwamba sumaku hizo zikae umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye vifaa vya namna hiyo. P10 haina sumaku. Na ukibadilisha aina ya barakoa, badilisha pia mstari wa Mask kwenye menyu ya My Options, maana mashine hukadiria uvujaji kwa kuzingatia aina iliyoandikwa pale.

Tuikae kidogo hii habari ya kuvuja, kwa sababu mazoezi yanaichochea kwa njia tatu ambazo vijitabu vya barakoa havielezi vya kutosha.

Ya kwanza ni jasho na mafuta. Ukitoka mazoezini jioni, ukaoga, ukapaka Vaseline au mafuta ya nazi usoni kama kawaida yetu, mpira wa silikoni hauna pa kushika. Utateleza kila ukigeuka, hewa itakupiga machoni, na utaamka na macho mekundu. Osha uso kwa sabuni, ukaushe, na mafuta ya uso yapake asubuhi. Kama ngozi inakauka mno, paka mapema jioni ili yawe yameshaingia kwenye ngozi kabla ya kulala, na eneo ambalo barakoa inagusa liache bila kitu. Mpira wenyewe uoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Mafuta ya uso yakibaki juu yake huulainisha na kuulegeza kabla ya wakati.

Ya pili ni nywele. Misuko minene nyuma ya kichwa huinua kamba za barakoa, na kamba ikiinuka upande mmoja hewa inatoka upande wa pili. Vaa kofia ya satini au kilemba chepesi kwanza, kamba zipite juu yake, kisha zirekebishe ukiwa umelala, si ukiwa umeketi, kwa kuwa uso hubadilika umbo kichwa kikifika kwenye mto. Wenye ndevu nyingi watahangaika na F20. Kwao P10 ni rahisi zaidi, mradi pua ipitishe hewa.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu. Ukipungua, uso nao unapungua. Mashavu yanaingia ndani, na barakoa iliyokuwa inakaa vizuri mwezi wa kwanza inaanza kuvuja mwezi wa tatu. Mtu huvuta kamba hadi zinamwachia alama, ilhali anachohitaji ni saizi ndogo. Mashine ina zoezi lake la kupima: kwenye My Options kuna Run Mask Fit, itapuliza kwa dakika tatu na kukuonyesha kama mkao ni mzuri au unahitaji kurekebishwa. Lifanye ukiwa umelala ubavu unaolalia, na lirudie kila mwezi kwa muda wote uzito unaposhuka. Mpaka wa uvujaji unaotumika kwa mashine hizi ni lita 24 kwa dakika. Ukiuvuka kwa muda mrefu usiku, namba zote nyingine zinapungua uaminifu.

Na hapo tunafika kwenye namba yenyewe. Kila asubuhi kioo kinaonyesha saa ulizotumia, hali ya barakoa na, kama mtoa huduma amekifungua, idadi ya matukio kwa saa, yaani AHI. Chini ya 5 ni hali ya kawaida, 5 hadi 15 ni apnea nyepesi, 15 hadi 30 ya kati, zaidi ya 30 kali. Mtu aliyepimwa akakutwa na 34 anaona 1.8 kwenye kioo, na baada ya miezi miwili ya mazoezi anasema amepona. Anaiacha mashine. Kosa hili ni la hatari, na linaeleweka, kwa sababu mashine inaonyesha namba bila kueleza ni ya nini. Hiyo 1.8 ni idadi ya matukio yaliyobaki huku hewa ikisukumwa kooni. Haisemi lolote juu ya hali ya koo bila mashine. Ingekuwa 1.8 hata kama hujapiga hatua moja ya mazoezi.

Ukitaka kuona kama mazoezi yanafanya kazi, angalia namba nyingine: presha ambayo mashine haikuivuka kwa asilimia 95 ya usiku. Mwezi wa kwanza ikiwa 12.4, na baada ya miezi minne imetulia kwenye 9.8, barakoa ikiwa ileile na uvujaji uleule, hiyo ni dalili nzuri kwamba koo linahitaji msukumo mdogo kuliko zamani. Linganisha wastani wa wiki na wiki, maana usiku mmoja wa mafua, pombe au kulala chali unaweza kuipandisha. Namba hii na nyingine za kina zimo kwenye kadi ya SD iliyo ubavuni mwa mashine. Programu ya bure iitwayo OSCAR huisoma kadi hiyo kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux, na kukuchorea usiku mzima dakika kwa dakika. Programu ya simu ya kampuni, myAir, haifunguki katika nchi zote, na hata inakofunguka alama zake 100 zimeegemea kwenye saa za matumizi: 70 ni za muda, 20 za barakoa kutovuja, 5 za matukio na 5 za kutovua barakoa mara kwa mara. Ni nzuri kwa kumtia mtu moyo, lakini maendeleo ya mazoezi hayaonekani humo. OSCAR inaishinda kwa mbali.

Dalili njema hiyo bado si kibali cha kuacha mashine. Uthibitisho ni kipimo cha usingizi bila mashine, na wakati wake mzuri ni baada ya miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya kweli au uzito kushuka kwa asilimia 10.

Matumaini yawe ya kiasi gani? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa watu wenye apnea ya kati na kali wiki 12 za mazoezi, dakika 150 kwa wiki pamoja na kunyanyua vyuma mara mbili. AHI yao ilishuka kutoka takriban 32 hadi 25, na uzito haukupungua sana. Mwingine wa mwaka 2000, uliofuatilia wakazi wa jimbo la Wisconsin, ulikuta kwamba uzito ukishuka kwa asilimia 10, AHI hushuka kwa takriban asilimia 26. Ukipanda kwa kiasi hicho, AHI inapanda kwa asilimia 32. Kwa hiyo faida ipo hata kabla mizani haijasogea, ila mwenye 32 anayebaki na 25 bado yuko kwenye apnea ya kati, na bado anaihitaji mashine. Sababu mojawapo ya faida hiyo ni maji ya mwilini. Anayekaa kutwa ofisini au kwenye usukani hujaa maji miguuni, na akilala maji hayo yanahamia juu hadi shingoni na kulibana koo. Misuli ya shavu la mguu inapofanya kazi huyasukuma yarudi kwenye mzunguko kabla ya usiku. Ndiyo maana kutembea jioni na kunyanyua visigino kuna thamani ya pekee kwa ugonjwa huu.

Mpango unaoendana na mashine hii uko hivi. Wiki ya 3 na ya 4, tembea dakika 20 mara tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kipimo hicho ni bora kuliko saa ya mapigo ya moyo kwa wenye kutumia dawa za presha za aina ya atenolol au bisoprolol, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo kupanda, na saa itakudanganya kwamba hujajituma. Wiki ya 5 hadi ya 8 fika dakika 30 mara tano, ambazo ndizo dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ongeza siku mbili za nguvu: kuketi na kuinuka kwenye kiti mara 10, pushapu za ukutani mara 10, kunyanyua visigino mara 12, vyote kwa mizunguko mitatu. Toa pumzi unaponyanyua. Kubana pumzi huku unasukuma hupandisha presha ghafla, na watu wenye apnea wengi tayari wana presha. Kuanzia wiki ya 9 ongeza vilima au mwendo wa kasi wa dakika moja moja. Mazoezi makali yaishe angalau saa moja kabla ya kulala. Siku ambayo kioo kinaonyesha umelala na mashine chini ya saa 4, tembea tu, achana na vyuma. Usingizi mdogo na uzito mkubwa ni njia fupi ya kuumia mgongo.

Turudi kwenye mashine, upande wa umeme. Adapta yake inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani haihitaji transfoma, ni kichwa cha plagi tu. Tangi la maji na mpira wenye joto vikiwa vimewashwa, mwongozo unataja matumizi ya wastani wa wati 53. Ukivizima vyote viwili inashuka hadi wati 10 hivi, kutegemea presha. Piga hesabu: wati 53 kwa saa 8 ni zaidi ya wati-saa 420, wati 10 kwa saa 8 ni 80. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, na ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, maana yake una 300 za kutumia. Pamoja na maji haikufikishi asubuhi. Bila maji inakupa usiku mbili bila wasiwasi. Tumia kigeuzi cha moja kwa moja cha kwenda volti 24 kinachotengenezwa kwa mashine hii kuliko inveta, kwa sababu inveta inapoteza sehemu ya umeme njiani. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat wengi hawahitaji mpira wenye joto hata kidogo, na unyevu wa ngazi 2 au 3 kati ya 8 unatosha. Chumba chenye kiyoyozi ndicho kinachokausha pua. Mwongozo unataka chumba kisichozidi nyuzi 35.

Maji ya tangi yawe yaliyokenekwa (distilled). Usinunue maji ya betri. Chupa nyingine za jina hilo zina asidi. Ukikosa kabisa, chemsha maji, yapoe, yabadilishe kila siku, na ukiona utando mweupe safisha kwa kipimo kimoja cha siki kwa vipimo 10 vya maji. Chujio la hewa halifuliwi. Litazame kila mwezi na ulibadilishe ndani ya miezi sita, au mapema zaidi kama nyumba ipo kando ya barabara ya vumbi, maana chujio lililoziba humfanya mtu ahisi hewa haitoshi na kuvua barakoa usingizini.

Kwa anayenunua iliyotumika: omba uonyeshwe ukurasa wa taarifa za mashine wenye jumla ya saa ilizofanya kazi, kataa yenye ujumbe kwamba mota imemaliza muda wake, na mpira, barakoa, tangi na chujio nunua vipya. Ukipewa DreamStation ya kwanza ya Philips kwa bei nafuu, ikatae. Mashine hizo ziliitwa kurudishwa kiwandani Juni 2021 kwa sababu sponji ya kuzuia kelele iliyo ndani ilikuwa ikimeguka na kuweza kuingia kwenye hewa ya mgonjwa.

AirSense 10 AutoSet haimfai kila mtu. Ambaye kipimo chake kimeonyesha pumzi zinakatika kwa sababu ubongo hautoi amri, si kwa sababu koo limeziba, anahitaji mashine ya aina nyingine. Mpanda milima naye ajue kwamba mwisho wake ni mita 2,591 juu ya usawa wa bahari: Eldoret na hata Iten iko sawa, na hujirekebisha yenyewe, lakini kambi ya kwanza ya njia ya Marangu kule Kilimanjaro, Mandara, tayari iko juu ya kikomo hicho.